Vielezi vidogo vya Kiingereza havifundishwi inavyostahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kwa wasomaji wengi litaonekana dogo, nalo ni namna tunavyowafundisha vielezi vya Kiingereza, yaani maneno yanayoeleza jambo limetendeka vipi, lini, wapi au kwa kiasi gani, watu ambao wameshavuka hatua ya mwanzo. Ninafundisha Kiingereza katika madarasa ya jioni hapa Mwanza, na wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima waliomaliza kidato cha nne au cha sita: wapo wahudumu wa hoteli, madereva wanaopeleka wageni Serengeti, vijana wa viwanda vya minofu ya samaki na wauzaji wa maduka ya dawa. Hawa wanajua Kiingereza. Wanasoma barua pepe za kazini, wanamwelekeza mgeni njia ya kwenda kivuko cha Kamanga, na wakipewa muda wanaweza kueleza karibu kila wanachotaka. Kwa vipimo vya lugha vilivyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, vinavyoanzia A1 hadi C2, wengi wao wangeingia B1 na wachache B2, na hicho ndicho ninachokiita kiwango cha kati katika barua hii. Hata hivyo maongezi yao yana pengo linalojirudia kwa namna ileile kwa mtu wa Igoma na kwa mtu wa Kirumba, na pengo hilo liko kwenye vielezi.

Kitabu cha mazoezi cha kawaida, kile kinachouzwa hata kando ya barabara, humpa mwanafunzi safu ya vivumishi kama "slow", "quick", "careful" na "beautiful", kisha humtaka aongeze "-ly" mwishoni ili apate vielezi. Zoezi lenyewe halina ubaya, isipokuwa mwanafunzi huondoka nalo akiamini kwamba kielezi ni neno linaloishia "-ly", na kwamba kila neno linaloishia hivyo ni kielezi. Imani zote mbili humponza. "Friendly", "lovely" na "lively" ni vivumishi, na "fast" haina mwenzake wa kuitwa "fastly". Lililo baya zaidi ni jozi ya "hard" na "hardly", kwa sababu mtu anayeandika barua ya kumsifu mfanyakazi wake na kusema "He works hardly" amemwandikia mwajiri mpya kwamba mfanyakazi huyo hafanyi kazi karibu kabisa, ilhali alikusudia kusema kwamba anafanya kazi kwa bidii. "Late" na "lately" nazo zina mtego huohuo, kwa kuwa ya kwanza ni kuchelewa na ya pili ni siku hizi za karibuni.

Sasa msikilize mzungumzaji yeyote mzuri wa Kiingereza kwa dakika chache, awe mtangazaji wa redio au mtalii anayesimulia safari yake, uhesabu vielezi vyake. Hutasikia "beautifully" mara nyingi. Utasikia "already", "yet", "still", "just", "only", "even", "almost", "usually", "probably", "quite", "too", "soon" na "ago". Mengi ya maneno haya ni mafupi na hayana "-ly", na kwa kuwa hayaingii kwenye zoezi la kubadili vivumishi, hupita darasani bila kuguswa, au hutajwa mara moja wakati wa somo la njeo, yaani nyakati za kitenzi, na kusahauliwa. Mwanafunzi anafika kiwango cha kati akiwa na vitenzi na nomino za kutosha, lakini hana maneno ya kuonyesha kama jambo limewahi au limechelewa, kama lina uhakika au ni la kukisia, kama ni dogo kuliko lilivyotarajiwa au limepitiliza.

Zipo sababu za mtu wa Kiswahili kukwama hapa kuliko kwingine, na naona hazizungumzwi vya kutosha. Kazi ambayo Kiingereza humpa kielezi kilichosimama peke yake, Kiswahili mara nyingi huiweka ndani ya kitenzi au humpa kitenzi kingine. Tunasema "huamka alfajiri", na mazoea yote yamo katika "hu-". Tunasema "ameshaondoka", na "-mesha-" inatosha. Tunasema "umewahi kufika Ukerewe?", na "kuwahi" ni kitenzi. Tunasema "huenda mvua ikanyesha" na "amezidi kuongea", na hapo napo ni vitenzi vinavyofanya kazi ambayo Mwingereza angempa "perhaps" na "too much". Kwa hiyo mwanafunzi anapotafsiri kichwani, anatafuta neno la kugeuza na halioni, kwa sababu katika sentensi yake ya Kiswahili halikusimama peke yake. Akisema "The bus has left" pale alipotaka kusema "Basi limeshaondoka", sarufi yake ni safi na hakuna mwalimu atakayemwekea alama ya kosa, lakini ile taarifa kwamba basi limeondoka mapema kuliko msikilizaji alivyodhani imepotea njiani. Yeye mwenyewe anaamini ameisema.

Neno "bado" linastahili kipindi kizima. Kwetu "bado" inatosha kwa hali mbili: "Bado anakula" na "Bado hajala". Kiingereza kinazitenganisha. Jambo linaloendelea huchukua "still", nayo hukaa kabla ya kitenzi kikuu au baada ya kitenzi "be", kama katika "She is still eating". Jambo linalotarajiwa ambalo halijatokea huchukua kanusho pamoja na "yet", na "yet" kwa kawaida hukaa mwishoni, "She hasn't eaten yet". Mwanafunzi ambaye hajaelezwa hivyo huulizwa "Have you eaten?" naye hujibu "Still", kwa kuwa kwa Kiswahili angejibu "Bado" na angeeleweka na kila mtu kuanzia Musoma hadi Bukoba. Jibu analolihitaji ni "Not yet". Kanuni ya kumpa ni nyepesi na inatoka katika lugha anayoijua: tazama kitenzi kinachofuata "bado", na ukiona "-ja-" ya kukanusha, anza kufikiria "yet". Baada ya hapo ndipo aambiwe kwamba "He still hasn't come" nayo ni sahihi, ila ina manung'uniko ndani yake, kama vile sisi tunavyosema "Mpaka sasa hajaja" tukiwa tumeshachoka kusubiri.

Nikifundisha kundi hili la maneno hutumia Daraja la Kigongo–Busisi linalovuka Ziwa Victoria, ambalo kila mkazi wa kanda hii analijua na ambalo lilifunguliwa rasmi Juni 2025. Historia ya daraja hilo, tangu nguzo zilipokuwa zikisimikwa majini hadi magari yalipoanza kuvuka kwa takriban kilomita 3 bila kungoja kivuko, inatosha kubeba vielezi vitano. Ujenzi ulipokuwa ukiendelea mtu angesema "They are still building the bridge". Aliyekuwa akiusubiri kwa hamu angesema "The bridge isn't open yet". Ilipobaki kazi ndogo ingekuwa "The bridge is almost finished". Wiki ya ufunguzi ingekuwa "The bridge has just opened". Na kwa ndugu wa Geita ambaye hajapita njia hiyo siku nyingi, anayeuliza kama atakuta foleni ya kivuko pale Kigongo, jibu ni "No, the bridge is already open", kwa maana kwamba jambo analodhani liko mbele yake limeshapita. Daraja ni lilelile na kiima hakibadiliki sana, kwa hiyo akili ya mwanafunzi inabaki kwenye kielezi. Mwanafunzi makini atauliza mbona kwenye filamu za Marekani amesikia watu wakitumia wakati uliopita wa kawaida pamoja na "already", na inafaa aambiwe ukweli kwamba Wamarekani husema hivyo mara nyingi, ilhali Waingereza, ambao mitihani yetu huwafuata, hupendelea "has already".

Neno la pili linalotaka muda ni "sana". Sidhani kama lipo neno la Kiswahili linalofanya kazi nyingi kuliko hili, kwa sababu hulifuata karibu kila kitenzi na kila kivumishi, na msikilizaji hupata maana yake kutokana na kile kilicholitangulia. "Mvua inanyesha sana" ni wingi na nguvu. "Anakimbia sana" inaweza kuwa kasi. "Anakwenda sana Ukerewe" ni idadi ya safari. "Ameumia sana" ni ukubwa wa jeraha. "Amelala sana" ni muda. "Nakushukuru sana" ni kina cha hisia. Mwanafunzi wa kiwango cha kati ameshafundishwa kwamba "sana" ni "very", na kwa vivumishi hakosei, kwa kuwa "very big" na "very tired" ni sawa kabisa. Anapofika kwenye vitenzi anakuta mlango umefungwa, kwa sababu "very" haikai peke yake na kitenzi, naye hubaki na "It is raining very" au "I very like sato". Kila kitenzi cha Kiingereza kina kielezi chake kilichozoeana nacho: mvua hunyesha "hard" au "heavily", mtu hukimbia "fast", huumia "badly", huenda mahali "often" au "a lot", hulala "for a long time" au, kama usingizi ni mzito, "deeply", na hupenda "very much".

Kwa hiyo "sana" haifundishiki kama neno moja lenye tafsiri moja. Hufundishika kwa jozi ya kitenzi na kielezi chake, jozi inayokaririwa nzima, kama tulivyokariri wenyewe utotoni kwamba mtu hulala fofofo, nyumba hujaa pomoni, nguo huwa nyeupe pe na usiku huwa mweusi ti. Hakuna Mswahili anayesema "nyeupe ti". Mwanafunzi akikumbushwa kwamba lugha yake ina vielezi vinavyochagua wenzake, halalamiki tena kwamba Kiingereza kina vituko. Nyongeza ndogo hapa: kulala fofofo kwa Kiingereza ni "fast asleep", na "fast" hiyo haihusiani na haraka, bali inatoka kwenye maana ya zamani ya neno hilo, yaani imara. Wanafunzi hulipenda sana jambo hili na hawalisahau.

Nisiondoke kwenye "sana" bila kugusa "too". Sisi tunasema "nakupenda mno" na "tamu mno" kwa kusifu, na kwa hiyo mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni anayemwambia mgeni "This fish is too fresh" anaamini ameongeza sifa. Mgeni anasikia kwamba ubichi wa samaki huyo umepita kiasi na umekuwa tatizo, naye hutabasamu kwa adabu bila kujua la kujibu. "Too" ni ya kilichozidi hadi kuharibu: chai "too hot" haijanyweka, mzigo "too heavy" haubebeki, bei "too high" mtu hanunui. Darasa likipewa sentensi zenye matokeo namna hiyo, tofauti hukaa.

Kuhusu mahali pa kuweka kielezi, vitabu vingi hutoa kanuni ndefu ambazo mwanafunzi hawezi kuzikumbuka akiwa anazungumza. Nadhani makosa matatu tu ndiyo yanayostahili kupiganwa nayo kwa nguvu katika kiwango hiki. La kwanza ni kuweka kielezi kati ya kitenzi na shamirisho, yaani kile kinachotendwa, kwa kufuata "Napenda sana samaki", ambayo huzaa "I like very much fish" mahali pa "I like fish very much". La pili ni vielezi vya mazoea, yaani "always", "usually", "often", "rarely" na "never", ambavyo hutangulia kitenzi kikuu na hufuata "be": "She always comes early", lakini "She is always early". "Every day" haimo katika kundi hili ingawa maana yake inafanana, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi.

La tatu ni "only", ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. "Tu" ya Kiswahili hufuata neno inaloliwekea mpaka, na "only" ya Kiingereza kwa kawaida hulitangulia. Mwenye duka akisema "Asha anauza dagaa Jumamosi tu", Kiingereza chake ni "Asha sells dagaa only on Saturdays". Akisema "Asha anauza dagaa tu", ni "Asha sells only dagaa". Akisema "Ni Asha tu anayeuza dagaa", ni "Only Asha sells dagaa". Lugha zote mbili zinajali mahali, ila kila moja inatazama upande wake, na mwanafunzi aliyeambiwa hivyo mara moja huacha kusema "I want water only". Ni kweli kwamba katika maongezi Waingereza wenyewe huweka "only" kabla ya kitenzi na kuacha sauti ifanye kazi iliyobaki, lakini anayejifunza ana haki ya kuanza na umbo lisilo na utata.

Yapo mengine ambayo nitayapitia haraka. "Hata mimi" katika mazungumzo yetu mara nyingi ni "mimi pia", lakini "even me" kwa Mwingereza hubeba mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutegemewa, kwa hiyo anayetaka kukubaliana tu na aseme "me too", na katika kukanusha "me neither". "Siku tatu zilizopita" ni "three days ago", na hiyo "before three days" tunayoisikia kila siku haina budi kuachwa. "Soon", "early" na "fast" zote hukimbiliwa mtu anapotaka kusema "haraka", ilhali ya kwanza ni muda mfupi kutoka sasa, ya pili ni kabla ya wakati uliopangwa na ya tatu ni mwendo. "Somehow", ambayo huku kwetu imekuwa na maana ya "kiasi", kama katika "It is somehow cold", kwa wenyewe humaanisha kwa njia fulani isiyojulikana. "Polepole" ni "slowly" moja, wala haihitaji kurudiwa.

"Quite" nayo ni tatizo la pekee, kwa kuwa Mwingereza akisema chakula ni "quite good" mara nyingi ana maana kwamba ni kizuri kiasi, na Mmarekani akisema hivyohivyo mara nyingi ana maana kwamba ni kizuri kweli. Mhudumu wa hoteli anayesoma maoni ya wageni anapaswa kujua hilo kabla ya kufurahi au kusikitika.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapambo, na kwamba mtu akijua vitenzi na nomino inatosha kwa kazi. Ningewaomba wasome maelekezo ya kazi yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Chupa ya dawa ya maji huandikwa "Shake well before use", na kidonge huandikiwa "once daily" au "twice daily", na tofauti ya hizo mbili ni kipimo kizima cha dawa. Maelekezo ya usafi katika kiwanda cha samaki yakisema mikono ioshwe "thoroughly" na kwamba samaki wapozwe "immediately", amri yenyewe imo katika vielezi hivyo viwili, kwa sababu kuosha na kupoza kila mtu anajua. Katika maongezi ya usalama ni vivyo hivyo. Nahodha anayemwambia abiria wa kigeni "The wind will probably get stronger" amesema jambo tofauti na "The wind will possibly get stronger", na abiria huamua kusafiri au kubaki kutokana na tofauti hiyo. Hapa pia pana ugumu mdogo wa mahali ambao hufaa kufundishwa pamoja na neno lenyewe: katika kukubali tunasema "It will probably rain", lakini katika kukanusha kielezi hutangulia, "It probably won't rain".

Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi kwa sababu wengi ni walimu wenzangu, watasema kwamba kufundisha Kiingereza kwa kupitia "bado", "tu" na "sana" ni kurudi nyuma, na kwamba darasa la Kiingereza liwe la Kiingereza pekee. Vibao vya kuwataka wanafunzi wazungumze Kiingereza tu viko katika shule nyingi za sekondari. Hoja yao ina uzito kwa upande wa mazoezi, kwani lugha haipatikani bila kuisema. Kwa upande wa maelezo sikubaliani nao. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza masomo hubadilika kuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mtu mzima aliyeketi mbele yangu jioni amebeba Kiswahili chote kichwani, atake asitake, na wengine wamebeba na Kisukuma chini yake. Kiswahili hicho kitatafsiri kimyakimya hata kama kibao kinakataza. Afadhali tafsiri hiyo itolewe hadharani, isahihishwe mara moja, kisha dakika zote zilizobaki ziwe za Kiingereza. Tena mwanafunzi huyohuyo alishafundishwa na mwalimu wa Kiswahili vielezi vya namna, vya mahali, vya wakati na vya idadi. Nashangaa kwamba walimu hawa wawili huketi chumba kimoja cha walimu na hawajawahi kulinganisha daftari zao.

Kwa upande wa mbinu, ninayoiamini zaidi ni kuacha sentensi ilivyo na kubadili kielezi kimoja tu, kisha kuuliza swali la hali halisi badala ya swali la sarufi. Andika ubaoni "He caught the ferry". Weka "almost", uulize: yuko wapi sasa? Yuko gatini, anatazama kivuko kikiondoka. Weka "just": amepanda, anahema. Andika "He almost missed the ferry", uulize tena yuko wapi, na hapo nusu ya darasa itamwacha gatini kwa sababu imesikia "missed" na haikusikia "almost". Mwenye akili ya Kiswahili akikumbushwa "Nusura akose kivuko", humpandisha mwenyewe. Weka "He hardly ever catches the ferry", na darasa litaanza kumwonea huruma mtu huyo na kumshauri apite darajani. Katika zoezi hilo hakuna aliyetaja neno "kielezi", wala hakuna aliyeongeza "-ly" popote, na bado kila mmoja amelazimika kusikia neno dogo na kulitolea uamuzi. Kwa juma moja vielezi vinne vinatosha, vichaguliwe vinavyogombana, kama "still" na "yet", "hard" na "hardly", "very" na "too", kisha virudi juma linalofuata vikiwa vimechanganywa na vipya.

Mwalimu asisahau sauti. Mwanafunzi hulitamka kila neno la Kiingereza kwa uzito uleule, na vielezi hivi husikika vibaya vikitamkwa hivyo. Katika "I've just eaten", "just" hupita upesi na "t" yake karibu haisikiki, na anayeingoja isikike kama ilivyoandikwa hataisikia kamwe kinywani mwa mgeni.

Kwa watungaji wa vitabu vya mazoezi nina ombi moja. Lile zoezi la kubadili "beautiful" kuwa "beautifully" libaki kwa wanaoanza, na katika vitabu vya kiwango cha kati nafasi yake ichukuliwe na mazungumzo mafupi yaliyoachwa mapengo: mteja na muuza duka, mgeni na dereva, mgonjwa na mtoa dawa, ambamo mwanafunzi lazima asome mstari unaofuata ndipo ajue kama pengo linataka "already", "still" au "yet". Mapengo ya namna hiyo hayajazwi kwa kukisia, na kuyasahihisha hakuchukui muda mrefu kuliko kusahihisha safu ya vivumishi. Na kama ukurasa wa elimu wa gazeti lako, Ndugu Mhariri, una nafasi ya mazungumzo mafupi kama hayo kila juma pamoja na majibu yake, niko tayari kuyaandika bila malipo, kwa mifano ya huku kwetu Kanda ya Ziwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa madarasa ya jioni,
Nyegezi, Mwanza.